UZI: Storyville, mtaa wa madanguro uliochorewa mipaka na jiji la New Orleans (1898–1917). Hela alikula nani?

Mzee wa Makabrasha (mleta uzi)

Wakuu, heshima yenu. Shikamoo kwa wanaostahili.

Juzi kuna uzi humu watu walibishana kama ukahaba uhalalishwe au usihalalishwe. Jamaa mmoja akaandika kwa kujiamini kabisa: Marekani walishawahi kuuhalalisha kule New Orleans, mambo yakaenda safi, mpaka muziki wa jazz ukazaliwa humo humo. Likes zikamiminika. Sentensi moja, na karibu kila kipande chake kimepinda. Nikaacha chai yangu ikapoa, nikaenda kufukua makabrasha.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite salama. Anayetaka picha za uchi amekosea nyumba.

Tuanze na sheria yenyewe, maana hapo ndipo watu wanapojikwaa.

Mwaka 1897 diwani mmoja wa New Orleans, Sidney Story, alipeleka hoja kwenye baraza la jiji. Ikapita, na ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1898. Ilichora mipaka kwa majina ya barabara: Basin, Customhouse (leo inaitwa Iberville), North Robertson na St. Louis. Ni nyuma kidogo tu ya French Quarter, mtaa wa kale wa jiji, jirani na makaburi ya kale ya St. Louis. Hilo eneo wenyeji waliliita "The District", yaani Wilaya. Magazeti na walevi wakalipa jina la Storyville, kumkejeli diwani aliyelianzisha. Mzee wa watu alikuwa mtu wa heshima zake, akaishia jina lake kubandikwa kwenye madanguro mpaka leo.

Sasa sikilizeni ujanja. Sheria ile haikusema popote kwamba ukahaba unaruhusiwa ndani ya Storyville. Ilisema ni kosa kwa mwanamke kahaba kukaa, kuishi au kulala katika nyumba, chumba au kijichumba chochote kilichopo NJE ya mipaka hiyo. Halafu mwishoni ikawekwa ndoana: hakuna neno lolote humu litakalochukuliwa kuwa ni idhini kwa mwanamke wa aina hiyo kukaa katika sehemu yoyote ya jiji.

Rudia kusoma. Nje ya mipaka ni kosa. Ndani ya mipaka hukupewa ruhusa, umeachwa tu. Askari akitaka kukubeba kwa ulevi, kwa kelele, kwa uzururaji, anakubeba. Walijenga zizi, leseni hawakutoa.

Leseni walishaijaribu zamani. Mwaka 1857 jiji lilitaka makahaba na wenye madanguro walipie kibali. Miaka miwili haikupita vizuri mahakama ikaitupa nje. Kwa hiyo kina Story waliokuja baadaye walikuwa wameshajifunza: usimwuzie kibali, mwambie tu mahali asiporuhusiwa kulala.

Naendelea, nisiingiliwe kwanza.

---

Kiti cha Mbele

Nimeweka kambi. Shusha nondo mkuu.

---

Mzaramo Mpole

Ushaingiliwa tayari.

---

Mzee wa Makabrasha

Haya.

Swali langu mimi tangu nianze kusoma haya mambo ni moja tu: kodi ya pango ilikuwa inaingia mfuko wa nani? Mengine yote, muziki, mavazi, vioo vya Ulaya, ni mapambo ya sebuleni.

Fikiria wewe ni mwenye nyumba. Serikali imemwambia mpangaji wako kwamba akilala mtaa mwingine wowote wa jiji hili, anakamatwa. Huyo mpangaji atakubembeleza upunguze kodi? Ataenda wapi? Sheria ya 1897 ilikuwa zawadi kwa kila aliyekuwa na kiwanja ndani ya mistari ile, na wengi wao walikuwa watu wa familia zinazokwenda kanisani Jumapili na kukaa mbele. Hawakuwahi kukanyaga Basin Street usiku. Wakala wao ndiye aliyekwenda, mchana, na kitabu cha risiti.

Ngazi ya chini kabisa ilikuwa vijichumba walivyoviita "cribs". Chumba cha mlango mmoja unaofunguka moja kwa moja barabarani, ndani kitanda, beseni, basi. Mwanamke alipanga kwa siku au kwa zamu. Mteja alilipa senti 25 au 50. Piga hesabu mwenyewe ni wanaume wangapi wapite hapo kabla hajaanza kupata hela ya chakula, maana wa kwanza wote ni wa mwenye nyumba.

Ngazi ya juu ni majumba ya Basin Street. Humo mteja alitoa dola 5 au 10, na hiyo ni kabla ya kinywaji. Kinywaji ndicho kilichokuwa biashara yenyewe. Shampeni ikifunguliwa sebuleni, bei yake haikuwa na undugu na bei ya dukani.

Juu ya wote alikaa Tom Anderson. Huyu bwana alikuwa na baa kwenye kona ya Basin na Iberville, pale pale mtu anapoingilia mtaani. Watu walimwita Meya wa Storyville, na magazeti yakiita eneo lote "Kaunti ya Anderson". Lakini msidhani alikuwa mhuni wa vichochoroni. Kuanzia 1904 mpaka 1920 alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la Louisiana. Mbunge kamili, anapiga kura za sheria za jimbo, huku baa yake ndiyo lango la madanguro. Baa aliipa jina la Arlington Annex kwa sababu ya jumba la jirani, namba 225 Basin Street, la rafiki yake Josie Arlington.

Na kulikuwa na kitabu cha mwongozo, wakiita Blue Book. Kiliuzwa senti 25. Ndani majina ya wanawake, anwani, matangazo ya majumba, ya bia, ya mawakili, na ndiyo, ya dawa za magonjwa ya zinaa. Kwenye jalada waliweka maneno ya Kifaransa ya nishani ya kifalme ya Uingereza: aibu na imshike anayewaza mabaya. Waliokiandika walikuwa na utani mkali.

---

Mama Salha

Kaka Makabrasha, unaandika vizuri lakini naona shimo. Mpaka sasa nimesikia diwani, mbunge, mwenye nyumba. Wanawake wenyewe wako wapi? Walikuwa na majina, au ni "vitanda" tu?

---

Mzee wa Makabrasha

Mama Salha umenishika pabaya. Na jibu lake ndilo linalouma.

Wanawake wa vijichumba wameacha majina kwenye vitabu vya polisi, yaani wanaonekana pale tu wanapokamatwa. Wachache walioacha zaidi ya hapo ni wenye majumba. Ila kuna kitu kimoja cha ajabu. Mpiga picha mmoja, Ernest Bellocq, kazi yake ya mkate ilikuwa kupiga picha za meli na mitambo. Kwa muda wake, miaka ya kuzunguka 1912, alikwenda kupiga picha wanawake wa Storyville kwenye sahani za kioo za kamera. Hakuwahi kuzionyesha hadharani. Alifariki 1949. Vile vioo vikaja kununuliwa na mpiga picha kijana, Lee Friedlander, akavisafisha, na mwaka 1970 vikaonyeshwa kwenye jumba la sanaa la MoMA kule New York. Dunia ikashtuka. Kuna mwanamke amekaa na mbwa wake. Mwingine ameshika glasi, soksi za mistari, anacheka kitu ambacho hatutakijua. Nyingine sura imekwanguliwa kwenye kioo kabisa, haijulikani ni nani aliyekwangua. Majina karibu yote hayapo.

Halafu umri. Sitaingia kwa undani. Wengine mle walikuwa watoto, na wapo waliozaliwa humo humo ndani. Yeyote anayekuambia Storyville ilikuwa enzi tamu, mwulize kuhusu hilo, aone kama atamaliza glasi yake.

---

Daktari wa Kata

Nichangie upande wangu. Wakati huo penisilini haipo, imekuja kutumika miaka ya 1940. Kaswende ilitibiwa kwa zebaki, na baada ya 1910 kwa Salvarsan, dawa yenye aseniki ndani yake. Zebaki inang'oa meno na kuharibu figo. Kwa hiyo matangazo ya dawa kwenye hicho kitabu cha senti 25 usidhani ni ya kuponya. Mengi ya wakati ule yalikuwa maji ya rangi.

---

Wakili wa Buguruni

Mkuu, hiyo sheria ya mipaka hakuna aliyeipinga mahakamani? Mimi ningekuwa na kiwanja jirani na hapo ningefungua kesi asubuhi yake.

---

Mzee wa Makabrasha

Alifungua, msomi. Anaitwa George L'Hote. Familia yake iliishi karibu na ule mpaka, na akasema mali yake inashuka thamani, mtaa wake unaharibika, watoto wanaona mambo. Kanisa la Kimethodisti nalo likaingia kwenye kesi, maana lilikuwa na jengo lake la ibada maeneo hayo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, L'Hote dhidi ya New Orleans, 1900.

Akashindwa. Mahakama ikasema jiji lina mamlaka ya kuchora mpaka wa shughuli kama hizi, na mpaka ukichorwa, lazima kuna atakayejikuta upande mbaya wa mstari. Kushuka kwa bei ya nyumba yako si sababu ya kuufuta.

Ona hapo. Kesi kubwa kabisa kuhusu Storyville, wanawake hawamo. Ni mwenye kiwanja anagombana na wenye viwanja wengine.

---

Mzaramo Mpole

Kwa hiyo kanisa lilikuwepo kabla, madanguro yakaletwa. Huku kwetu baa inakuwepo, kanisa linakuja kuilalamikia.

---

Mzee wa Makabrasha

Fungua uzi wa huko kwenu, mimi nitakuja kuchangia. Hapa tubaki New Orleans.

Sasa rangi. Hiki ndicho kipande ninachokipenda, kama mtu anaweza kupenda kitu kichungu.

Mwaka 1892 fundi viatu mmoja wa New Orleans, Homer Plessy, alipanda behewa la Wazungu akakataa kushuka. Kesi yake ndiyo ile maarufu ya 1896, ambapo Mahakama Kuu ilisema kutenganisha watu kwa rangi ni halali. Plessy alikuwa na sehemu moja ya nane tu ya damu ya Kiafrika. Ukimwangalia, Mzungu. Kwa treni, Mweusi.

Mwaka mmoja baadaye mji ule ule unachora Storyville. Na bidhaa ya gharama kubwa kuliko zote pale Basin Street ilikuwa nini? Wanawake wa sehemu moja ya nane. Wakiwaita "octoroons". Blue Book liliweka alama mbele ya jina: huyu mweupe, huyu wa rangi, huyu wa moja ya nane. Kile kile kilichomshusha Plessy kwenye behewa ndicho kilichopandisha bei ya mwanamke usiku.

Malkia wa biashara hiyo alikuwa Lulu White. Jumba lake Mahogany Hall, namba 235 Basin Street, ghorofa nne, ngazi za mbao za thamani, vioo kila ukuta, almasi kwenye kila kidole. Alijitangaza kuwa katoka visiwa vya Karibi. Kumbe ni mtoto wa Alabama. Jirani yake, namba 317, alikaa Willie Piazza, aliyejipa cheo cha Kontesa na kuvaa miwani ya jicho moja.

Na sheria ya ndani ya majumba hayo, wakuu: mwanamume Mweusi haruhusiwi kuwa mteja. Hata kama mwenye jumba ni mwanamke mwenye damu ya Kiafrika. Anaweza kuingia kupiga piano, kubeba barafu, kufagia. Basi. Waliokuwa Weusi walikuwa na eneo lao dogo upande wa pili wa Canal Street, mitaa ya Perdido na Liberty. Huko ndiko alikokulia mtoto Louis Armstrong, kazaliwa 1901, akiwa mdogo anasukuma mkokoteni wa makaa ya mawe na kuwauzia wanawake wa vijichumba vya Storyville ndoo kwa ndoo. Mtoto wa makaa alisimama mlangoni akisikiliza muziki mpaka anafukuzwa. Hayo aliyasimulia mwenyewe ukubwani.

Mwaka 1917, mapema, jiji likaona hata huo mchanganyiko ni mwingi. Likapitisha sheria kwamba wanawake wote wenye asili ya Kiafrika waondoke Storyville, wahamie ule mtaa wa pili. Lulu White na Willie Piazza wakaambiwa wafungashe. Hao ni wanawake wenye majumba, siyo wapangaji.

Hawakufungasha. Wakaenda mahakamani.

---

Wakili wa Buguruni

Usiniambie walishinda.

---

Mzee wa Makabrasha

Piazza alishinda, msomi. Mahakama ya juu kabisa ya Louisiana, 1917 hiyo hiyo, miaka ishirini na moja tu tangu kesi ya Plessy. Hoja haikuwa heshima wala usawa. Hoja ilikuwa nyumba ni yake. Jiji linaweza kumzuia kufanya ukahaba, lakini haliwezi kumwambia mwenye nyumba asilale ndani ya nyumba yake kwa sababu ya rangi yake.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye kodi ya pango. L'Hote, Mzungu, mwanaume, mkristo safi, alikwenda mahakamani na hoja ya kiwanja akashindwa, kwa sababu alikuwa nje ya mstari. Piazza, mwanamke mwenye damu ya Kiafrika, mwenye danguro, akaenda na hoja ya kiwanja akashinda, kwa sababu hati ilikuwa na jina lake. Wale wa vijichumba, Weusi kwa Weupe, hawakuwa na hati ya kitu chochote. Kwao hakukuwa na mahakama ya kwenda.

---

Kiti cha Mbele

Daah. Hii ya Plessy na bei imenikalisha kimya.

---

Gita la Zamani

Mkuu haya yote sawa, ila usitunyang'anye jazz. Kila mpenda muziki anajua jazz ilizaliwa kwenye madanguro ya Storyville, na serikali ilipofunga, wanamuziki wakapanda mto hadi Chicago. Ukikataa hilo nitasema unatuletea chai.

---

Mzee wa Makabrasha

Chai ni hiyo uliyonywa wewe, ndugu yangu, tena ya jana.

Kwanza, majumba mengi ya Basin Street hayakuwa na bendi. Yalikuwa na mpiga piano mmoja, wakimwita "profesa", kakaa kwenye kona anaishi kwa bakshishi. Tony Jackson alikuwa mmoja wao, na wenzake walimheshimu kuliko wote. Jelly Roll Morton mwingine, ambaye baadaye alidai yeye peke yake ndiye aliyebuni jazz. Bendi zilipiga kwenye kumbi za dansi na baa za eneo lile, kweli, lakini zilipiga pia kwenye mazishi, matembezi ya vyama vya kusaidiana, bustani za ziwani, kumbi za mitaa ya Weusi. Buddy Bolden, mpiga tarumbeta ambaye wazee wote walimkumbuka, alitamba upande wa pili wa Canal Street, na aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili 1907.

Pili, tarehe. Mtaa umefungwa Novemba 1917. Jelly Roll alikuwa ameshazurura nchi nzima miaka mingi kabla. Tony Jackson alishahamia Chicago. Rekodi ya kwanza ya jazz ilipigwa New York Februari 1917, na bendi ya Wazungu wa New Orleans, Original Dixieland. Armstrong mwenyewe kaondoka 1922, miaka mitano baadaye. Watu Weusi kwa maelfu walikuwa wanaikimbia Kusini kutafuta kazi za viwandani na kukwepa kamba ya kunyongwa. Wanamuziki walikuwa mle mle kwenye treni na wenzao. Danguro halikuwasukuma wala halikuwazaa. Liliwalipa, tena kwa bakshishi.

---

Gita la Zamani

Sawa mzee. Hiyo ya Februari 1917 sikuwa nayo. Nimekaa chini.

---

Mbongo Houston

Wakuu nachangia kidogo, mimi naendesha trela, barabara ya I-10 kutoka Houston napita New Orleans mara kwa mara. Siku moja nilipumzika nikasema niende kwa miguu nikaone hiyo Storyville. Hamna kitu. Makaburi yapo, watalii wanazunguka. Basin Street ipo. Lakini majumba yenyewe hakuna hata moja. Kuna kijengo kifupi cha ghorofa moja, mwenyeji akanionyesha akasema hapa ilikuwa baa ya Lulu White. Nikasimama, nikapiga picha, nikaondoka. Na barabara ninayopita na trela juu kwa juu, ilijengwa miaka ya 1960 juu ya Claiborne Avenue, mtaa wa biashara wa Weusi uliokuwa na miti mikubwa ya mwaloni pande zote. Ni hatua chache kutoka mpaka wa nyuma wa hiyo Storyville. Sikujua mpaka nimesoma baadaye.

---

Mzee wa Makabrasha

Asante Mbongo. Hicho kijengo ni kipande tu cha chini kilichobaki, ghorofa zake za juu zilikwenda. Mahogany Hall yenyewe ilibomolewa 1949.

Tumalizie kufungwa kwa Storyville.

Aprili 1917 Marekani inaingia Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi Mei inapita sheria ya kuandikisha askari, na ndani yake kifungu kinachokataza ukahaba karibu na kambi za jeshi. Ikawekwa kipimo cha maili tano. Newton Baker, waziri wa vita, na Josephus Daniels wa jeshi la majini, walikuwa hawataki mchezo. Hawakuwa na uchungu na wanawake. Walikuwa na uchungu na askari anayelala hospitalini na kisonono badala ya kuwa mahandakini Ufaransa.

Meya wa New Orleans, Martin Behrman, akapanda treni mpaka Washington kutetea mtaa wake. Akarudi na ahueni ya wiki chache. Halafu Daniels akaleta neno la mwisho: ufungeni nyie au jeshi litafunga. Baraza likapitisha sheria ya kuifuta ile ya Story. Behrman ndiye anayesimuliwa kusema kwamba unaweza kuufanya ukahaba kuwa haramu, lakini huwezi kuufanya usipendwe.

Usiku wa manane, tarehe 12 Novemba 1917. Siku moja kabla, mwenye jumba mmoja, Gertrude Dix, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wa Tom Anderson, alikimbilia mahakamani kuomba zuio. Wakamnyima. Wanawake wakaanza kutoka na mabegi, magodoro, wengine wamepakia kwenye mikokoteni. Samani za maelfu ya dola zikauzwa kwa bei ya kutupa. Madalali wa samani za mitumba walikuwa wameshafika tangu mchana.

Na walikwenda wapi? Mama Salha najua utauliza. Walikwenda mitaa ya jirani, French Quarter, vyumba vya kupanga, kila mmoja kivyake. Ukahaba haukupungua. Ulitawanyika, na ukapata makuwadi wengi zaidi, maana sasa mwanamke alihitaji wa kumlinda na askari na wa kumletea wateja.

Mwaka uliofuata, 1918, bunge la taifa likapitisha sheria ya Chamberlain-Kahn. Ikatoa fedha za kuwaweka kizuizini wanawake walioshukiwa kuwa na magonjwa ya zinaa. Walioshukiwa, wakuu. Mhudumu wa hoteli, msichana aliyekula chakula peke yake mgahawani, aliyeonekana na askari. Unakamatwa, unapimwa kwa nguvu, unafungiwa mpaka daktari aseme umepona, na dawa ni zile alizozitaja Daktari wa Kata. Maelfu ya wanawake walipita humo nchi nzima. Askari aliyekuwa naye alipewa mhadhara na kipakiti cha dawa, akarudi kambini.

---

Mama Salha

Na mbunge?

---

Mzee wa Makabrasha

Mbunge akamaliza muda wake bungeni 1920 kama kawaida. Akawa na biashara ya mafuta. Kafariki 1931, na mali. Lulu White alikamatwa tena na tena baada ya kufungwa kwa mtaa, mpaka akaonja jela kwa sheria ile ile ya maeneo ya jeshi. Almasi sijui ziliishia wapi. Viwanja vyenyewe vilikaa vikichakaa, Basin Street ikabadilishwa jina kwa muda ili watu wasahau, na mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ikabomoa karibu kila kitu na kujenga nyumba za gharama nafuu, Iberville. Za Wazungu tu, mwanzoni. Wenye viwanja wakalipwa fidia.

---

Mama Salha

Wakalipwa fidia.

---

Mzee wa Makabrasha

Ndiyo, mama.

---

Kiti cha Mbele

Mkuu umemsahau Josie Arlington. Yule rafiki wa mbunge.

---

Mzee wa Makabrasha

Kweli, nilikuwa nimemweka pembeni makusudi.

Josie, jina lake la kuzaliwa Mary Deubler, alifariki 1914, mtaa bado uko wazi. Kabla ya kufa alinunua eneo katika makaburi ya Metairie, makaburi ya matajiri, na kujijengea kaburi la mawe mekundu lenye sanamu ya shaba: msichana amebeba maua, mkono uko mlangoni kama anayetaka kubisha hodi. Watu wakaanza kusema kaburi linawaka moto usiku. Wakawa wanafurika kulitazama, polisi wanawatawanya. Wengine wakasema ni taa nyekundu ya barabarani inayopiga kwenye jiwe. Mimi nadhani mji ule ulikuwa unataka sana liwake.

Familia ikachoka. Mifupa yake ikatolewa, ikapelekwa sehemu nyingine kimya kimya humo humo makaburini, na kaburi likauzwa kwa watu wengine. Sanamu bado ipo. Ukienda leo utakuta jina lingine juu ya mlango.

---

Mzaramo Mpole

Hata huko kapangishwa.